Uliza Mashine Inalala Wapi

Wanangu mnaobeba sasa lile begi jeusi la mashine za kadi, bega langu la kushoto linawasalimu. Siku mliponiaga mlinipa doti mbili za khanga na keki iliyopondeka kwenye bodaboda, na mmoja wenu akasema, "Mama, utuandikie basi hata kurasa mbili, tusirudie makosa yako." Nilimjibu kwamba makosa yangu hayaenei kurasa mbili. Tangu hapo nimekaa nyumbani Kahe, naangalia maji ya mfereji yakiingia kwenye mahindi, na nimegundua kwamba mikono ikistaafu mdomo haustaafu. Basi someni. Mkichoka wekeni chini, mle, mtaendelea kesho.

Nianze na shukrani, maana ndizo nyingi. Kazi hii sikuisomea. Nilikuwa mtunza stoo wa kampuni yetu pale Moshi mjini, kazi yangu kupanga maboksi, mpaka siku Bwana Evarist alipokosa mtu wa kumshikia ngazi. Bwana Evarist alikuwa fundi wa simu za mezani tangu enzi za waya, mtu mrefu wa Kibosho, mkali, asiyependa maneno mengi isipokuwa yakiwa yake. Benki zilipoanza kuipa kampuni kazi ya kufunga mashine za kadi madukani na hotelini, yeye ndiye aliyepelekwa kujifunza, akarudi na cheti na begi. Nilipomaliza kumshikia ngazi aliniuliza, "Wewe mama, unaogopa kuuliza maswali ya kijinga?" Nikamwambia siogopi. Akasema, "Njoo kesho saa moja." Nikaja, na sikurudi stoo tena isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja ndiyo iliyonifanya niandike haya yote.

Kwa miaka mingi nikifika mahali watu walitazama nyuma yangu. "Fundi yuko wapi?" Nikisema ndiye huyu, hawasikii. "Karibu ukae mama, tunamsubiri fundi." Nilijifunza kukaa, kunywa chai waliyonipa kwa ajili ya kumsubiri fundi, halafu kufungua begi. Chai nyingi sana nimekunywa kwa njia hiyo, na mtori wa ndizi pia, na siombi radhi.

Bwana Evarist alinifundisha kwamba kazi ya mashine ya kadi huanza kabla hujaiwasha. Kwanza unatazama lakiri, ile karatasi inayong'aa iliyobandikwa kwenye maungio yake. Ikiwa imechanika hata upana wa ukucha, mashine hiyo unairudisha na boksi lake. Kisha unalinganisha namba iliyo mgongoni na ile ya kwenye boksi na ile ya kwenye hati, tarakimu kwa tarakimu, kwa sauti, hata kama wenye duka wanakucheka. Ndipo unaweka laini na karatasi. Karatasi nayo ina uso na kisogo: pitisha ukucha, upande unaoacha mstari mweusi ndio uso. Karatasi ile haina wino, wanangu, ni joto linaloiandika. Ndani ya mashine kuna kichwa kidogo kinachopata moto, karatasi ikipita inaungua kidogo kidogo, na hiyo ndiyo risiti. Nimewaeleza wenye maduka jambo hili mara nyingi kuliko nilivyosali rozari, na mama yangu akinisikia huko aliko atanisamehe.

Halafu unazunguka nayo. Msimuamini mtu anayewaambia mtandao upo. Huku mlimani mtandao una mahali pake pa kukaa. Nilifunga mashine kwenye duka moja kule Mamba ambayo ilikubali kufanya kazi ikiwa juu ya gunia moja tu la chumvi, na mwenye duka hakuliuza gunia lile mwaka mzima. Wateja walikuwa wanaambiwa chumvi ipo ila haiuzwi.

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya kuchekesha tu. Saluni ya kwanza niliyofunga mashine, pale mjini, niliiweka kaunta ikakaa vizuri, ikashika mtandao, nikaridhika. Bwana Evarist akaja kukagua. Akakaa kwenye kiti cha mteja, mgongo kwa kaunta, akaniambia niweke namba ya siri ya majaribio. Nikaweka. Akazitaja tarakimu zote nne bila kugeuka. Kumbe mbele yake kulikuwa na kioo kikubwa kuliko mlango, na akina mama watatu waliokuwa wanakausha nywele walikuwa wanaisoma pamoja naye. Mmoja akasema, "Sisi tulidhani ni tangazo." Tangu siku hiyo kila ninapoingia dukani naangalia kwanza vioo, kisha kamera za ukutani, ndipo nasalimia. Watu wameniona sina adabu.

Na adabu yenyewe ilitusumbua. Mnajua jinsi tunavyomfundisha muuzaji: mteja akiweka namba ya siri, wewe geuza uso. Lakini huku kwetu mtu mzima akiwa mbele yako na wewe ukamgeuzia uso, umemdharau. Wasichana wa maduka walikuwa wanapata tabu, wanageuka nusu, shingo inapinda, mteja anakasirika. Nikawaambia waangalie mlimani. Mtu wa Moshi akitazama Kibo hakuna anayemuuliza kwa nini. Hata ikiwa mawingu yamefunika, anasema anaangalia kama umetoka, na mzee mwenyewe akimaliza kuweka namba anauliza, "Umetoka?" Njia hiyo haiko kwenye kitabu chochote cha mafunzo, nawapa bure.

Himo nako, duka la pembejeo, alikuja meku mmoja, mzee mwenye kofia ya sufu, akatoa kadi yake ya malipo ya kahawa, akamwambia muuzaji kwa sauti ya kanisani, "Andika mwanangu, namba ni mwaka niliobatizwa," akautaja. Foleni nzima ikajua. Nikamfuata taratibu, "Shikamoo babu. Namba hiyo tuibadilishe, na mpya uiweke mwenyewe kwa mkono wako." Akanuna. "Huyu binti namwamini. Wewe unamwogopa?" Nikamwambia, "Namwogopa babu, si yeye, hawa walio nyuma yako." Akageuka kuwatazama. Walikuwa mashemeji zake watupu. Akanisogelea akasema polepole, "Hapo umesema."

Sasa niwaambie swali la Bwana Evarist. Siku moja tulikuwa Machame, mashine inakufa kila wiki, nami namhoji muuzaji: nani ameigusa, nani ameimwagia maji, nani alikuwa zamu. Bwana Evarist akanivuta pembeni. "Mama, ukiuliza nani, utapata jina. Jina siyo jibu. Uliza mashine inalala wapi." Tukauliza. Ilikuwa inalala juu ya friji la soda, na kila usiku friji likitetemeka nayo inatetemeka. Nikalipenda swali lile. Nililitumia miaka mingi, na siku niliyoacha kuliuliza nilikaribia kumharibia binti wa watu maisha yake.

Mama Aloyce ni mjane wa Marangu mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita katikati ya kihamba chake, migomba mbele, kahawa nyuma. Wageni wake ni wapanda mlima wasio na fedha za hoteli kubwa. Mapokezi alimweka binti aliyeitwa Pendo, wa miaka ishirini na minne, mtoto wa mfanyakazi wa shamba la miwa kule chini kusini mwa mji, familia iliyotoka Singida kufuata kazi. Pendo alikuwa na Kiingereza safi, na alikuwa na jambo moja lililonifurahisha: kila nilichosema wakati nafunga mashine alikiandika kwenye daftari, hata utani wangu.

Nilifunga mashine pale masika yakiisha. Kabla sijaondoka nilimwambia Mama Aloyce, "Mama, adui wa mashine hii huku kwenu ni unyevu. Usiku iwekwe mahali pakavu, penye joto." Akaitikia kwa kichwa. Mimi ni mtu wa Kahe. Kwetu mahali penye joto ni popote, hata chini ya kitanda. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Mwezi wa saba, baridi imeshuka na ukungu hautoki mpaka saa sita mchana, nikaitwa. Nilifika Jumatano asubuhi. Skrini ilikuwa nyekundu na maneno yale ambayo hakuna fundi anayependa kuyaona, yanayosema kwamba mashine imeingiliwa. Mnajua maana yake. Ndani ya kila mashine kuna funguo za siri, na mashine ikihisi inafunguliwa inazifuta yenyewe, ikawa tofali. Imetengenezwa hivyo kwa sababu wapo wezi wanaoifungua, wanapachika kidude kinachonakili kadi za wateja, wanaifunga tena kama hakikutokea kitu. Niliigeuza. Ubavuni maungio yalikuwa yameachana, upana wa kuingiza ncha ya kisu.

Niliona pia kwamba roli la karatasi lilikuwa limegeuka la kijivu, karibu jeusi. Nikadhani ni karatasi mbovu ya siku nyingi, nikalitoa nikalitupa kwenye ndoo ya taka.

Nikauliza, "Nani anakaa na mashine hii?"

"Pendo," akasema Mama Aloyce.

"Ni mimi, mama," Pendo akajibu. "Asubuhi mpaka jioni."

"Umeifungua?"

"Hapana."

"Iliwahi kuanguka?"

"Hapana, mama."

Basi. Maswali yangu yakaishia hapo. Kwenye fomu ya taarifa kuna visanduku viwili: imeharibika yenyewe, au imefunguliwa makusudi. Nikaweka alama kwenye kile cha pili, na pale panapouliza mashine ilikuwa mikononi mwa nani nikaandika jina la Pendo kwa herufi kubwa. Kwa utaratibu wa kampuni, fomu ya namna hiyo ilikuwa inapelekwa polisi Jumatatu inayofuata, na jina linaingia kwenye orodha. Ukiingia kwenye orodha ile, hakuna duka wala hoteli itakayokuruhusu kushika mashine ya kadi tena. Mama Aloyce naye hakungoja Jumatatu. Mchana uleule alimwandikia Pendo barua ya kumwachisha kazi, na binti akashuka kwenda kwa baba yake na begi lake la nguo.

Nitawaambia lililo kweli, ingawa linanichoma. Kama yule angekuwa binti wa Mama Aloyce wa kumzaa, ningeuliza swali la nne na la tano. Kwa kuwa alikuwa mgeni, mtoto wa kambi ya miwa, nilitosheka na matatu. Sikusema hivyo kwa mdomo, wala sikuliwaza kwa maneno. Lakini mkono wangu ulijua ulichokuwa unafanya ulipoweka ile alama.

Alhamisi nilikuwa ofisini nakunywa chai. Nilikuwa nimeweka kikombe juu ya risiti ya majaribio, kikombe cha bati, chai ya moto. Nilipokinyanyua nikaona duara jeusi kwenye karatasi. Nililitazama duara lile mpaka chai ikapoa. Roli zima haliwi jeusi kwa uzee. Linakuwa jeusi kwa moto. Mimi niliyewafundisha nusu ya mkoa kwamba karatasi ile inaandikwa na joto, nilikuwa nimeushika ushahidi mkononi nikautupa kwenye ndoo.

Ijumaa asubuhi nikapanda Marangu bila kuitwa. Mama Aloyce alinikuta mlangoni, akaanza kunikaribisha. Nikamkatiza, jambo ambalo si zuri kwa mtu aliyenizidi umri, nikasema, "Mama, shikamoo. Mashine ilikuwa inalala wapi?"

"Marahaba. Si nilikuwa naichukua mimi kila jioni Pendo akifunga? Ilikuwa inalala kwangu."

"Kwako wapi?"

Akanishika mkono. Hakuwa na wasiwasi wowote, alikuwa na fahari. Akanipitisha kati ya migomba mpaka nyumbani kwake, jikoni, kule ambako wafanyakazi wa nyumba ya wageni hawaingii. Mafiga matatu, moto unawaka, sufuria la maharage. Juu ya moto kulikuwa na dari la fito, jeusi kwa moshi, na juu ya dari kuni zinakauka na mahindi ya mbegu yamening'inia kwa maganda yake. Katikati ya mbegu kulikuwa na kikapu kidogo kimefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Hapo," akasema. "Uliniambia pakavu penye joto. Mbegu zangu hazijawahi kuoza hapo, wala za mama mkwe wangu. Nikasema kama mbegu zinapona, na mashine itapona. Na karatasi zake za akiba nikaziweka pamoja nayo, zisishike unyevu."

Nilipanda kwenye kigoda nikashusha kikapu. Roli tano za akiba, zote nyeusi. Hapo nikaelewa: betri ya mashine ilikuwa imevimba kwa joto, ikasukuma mfuniko kutoka ndani, maungio yakaachana, na mashine ikadhani kuna mtu anaifungua. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na moto wa Mama Aloyce na maneno yangu.

Nilimweleza. Alikaa kwenye kigoda akakoroga maharage yasiyohitaji kukorogwa.

"Basi mtoto wa watu hajafanya kitu," akasema.

"Hajafanya kitu, mama. Tumefanya mimi na wewe."

"Mimi nimemwita mwizi mbele ya wageni."

"Na mimi nimemwandika."

Nilimpigia Bwana Evarist, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu na anafuga kuku. Nilitegemea anigombeze. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ulikosea Jumatano. Leo ni Ijumaa. Una bahati, wengine hugundua baada ya miaka." Halafu akakata simu kuokoa vocha yangu. Namshukuru kwa hilo hadi leo, maana kama angenihurumia ningeanza kujihurumia, na muda ulikuwa hautoshi.

Mkuu wetu wa kituo, ambaye simtaji na ninyi hamkumkuta, hakupenda. "Mama, mashine mpya imeshaagizwa. Ukibadilisha fomu, kosa linakuwa la maelekezo yako, na mashine inalipwa na sisi. Kwa ajili ya binti wa mapokezi?" Nikamwambia ndiyo, kwa ajili yake. Akaniambia nifikirie mpaka Jumatatu. Sikuwa na haja ya kufikiri, ila niliogopa, sitawadanganya. Nilikuwa na mtoto chuoni na kazi hii ndiyo iliyokuwa inamsomesha.

Jumamosi Mama Aloyce alishuka mlimani, jambo ambalo hakulifanya ila kwa misiba. Nilimpokea mjini tukaenda pamoja shamba la miwa, kwenye safu za nyumba za wafanyakazi. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, na mkononi ameshika jani la isale limefungwa fundo. Ninyi mliozaliwa mlimani mnajua: mwenye kosa akikuletea isale, huwezi kumnyima msamaha, hata awe amekukosea nini.

Baba yake Pendo alitoka na kuturuhusu tukae kwenye benchi nje. Mama Aloyce hakukaa. Alipiga goti, mama mzima wa miaka sabini, akamnyooshea lile jani kwa mikono miwili. Mzee wa watu akalitazama, akanitazama mimi, akalitazama tena.

"Mama," akasema kwa upole, "nashukuru, lakini mimi sina ng'ombe."

Sikutaka kucheka wakati ule, na sikucheka, ila ilinibidi niangalie miwa. Nikamweleza maana ya jani lile. Alisikiliza kwa makini sana. Akalipokea kwa mikono miwili kama alivyopewa, akamwinua Mama Aloyce, akasema, "Kwetu hatuna hili, lakini nimelielewa. Nimewasamehe. Ila mwanangu ameondoka kwenu kwa barua. Msafisheni kwa barua."

Pendo alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina povu la sabuni. Alitusalimu wote wawili shikamoo, kwa adabu ileile ya mapokezi, na hiyo adabu iliniumiza kuliko matusi.

"Mliniuliza kama nimeifungua na kama iliwahi kuanguka, nikasema hapana," akasema. "Hamkuniuliza kitu kingine. Ningewaambia kwamba usiku siko nayo."

Nilimwomba msamaha kwa maneno ya kawaida, pole mwanangu, nimekukosea, na nikaomba kalamu. Niliandika barua palepale kwenye benchi, kwenye karatasi ya daftari lake, nikieleza mashine ililala wapi, nani alisema ilale hapo, na kwamba Pendo hakuhusika kwa lolote. Mama Aloyce akaweka saini chini yangu. Nakala moja wakabaki nayo, nyingine nikaipeleka ofisini Jumatatu saa moja na nusu, kabla hata mkuu hajafungua dirisha lake, pamoja na roli tano nyeusi kwenye mfuko wa plastiki. Fomu ya kwanza ikafutwa. Jina la Pendo halikwenda popote.

Mimi nilipewa barua ya onyo na miezi sita stoo. Nilirudi kupanga maboksi kama zamani, na niwaambie, siijutii miezi ile. Kila boksi lililotoka nililitilia kikaratasi nilichokiandika kwa mkono: usiweke karibu na moto, usiweke juani, jiko si mahali pake. Baadaye kampuni ilikichapa, na sasa kipo ndani ya kila boksi mnalobeba. Mnakitupa, najua. Msikitupe.

Mama Aloyce alimwomba Pendo arudi. Pendo alimshukuru, akakataa. Alisema amesamehe lakini hawezi kusimama tena kwenye kaunta ile wageni wakimtazama mikono. Alikwenda Himo, akawa muuzaji kwenye duka la vipuri vya pikipiki la mtu mwingine kwa miaka mingi. Tukawa tunasalimiana nikipita, basi, siyo zaidi.

Miezi miwili baada ya ninyi kuniaga, simu ikalia hapa Kahe. "Mama, shikamoo. Ni Pendo wa Himo. Nimefungua duka langu mwenyewe. Ijumaa wanakuja kunifungia mashine ya kadi. Naomba uwepo."

Nikaenda. Aliyekuja kufunga ni mmoja wenu, yule mwenye miwani, na nilikaa kwenye kona kama mteja. Alitazama lakiri. Alisoma namba kwa sauti. Alimuuliza Pendo mashine italala wapi, na Pendo akamwonyesha kabati la mbao lililo mbali na dirisha. Nilitamani Bwana Evarist angekuwa hai aone.

Mwisho ikaja ile fomu ya mfanyabiashara mpya. Mnaijua, ina sehemu inayotaka mtu mmoja anayemfahamu mwombaji, ambaye yuko tayari kuthibitisha kwa saini kwamba ni mwaminifu. Pendo akanisogezea. Jina langu lilikuwa limeshaandikwa pale, kwa mwandiko wake, kwa herufi kubwa.

Nikamwambia, "Pendo, una mchungaji wako. Una mwenyekiti wa mtaa. Una yule uliyemfanyia kazi dukani miaka yote hii. Kwa nini mimi?"

"Hao wote wananiamini tu, mama," akasema. "Wewe ulinishuku, kisha ukarudi ukachunguza."

Yule mwenye miwani akanipa kalamu. Nikasaini. Macho yalikuwa yamejaa maji na sikuuona mstari vizuri, kwa hiyo kama saini yangu imepanda juu ya jina, nawaomba msiirudishe fomu ile. Ipokeeni hivyo hivyo.